Daraja Lililopinda kwa Makusudi

Kijana mmoja wa mtaa wa Katuba aliniletea gita la umeme alilolichonga mwenyewe nyuma ya nyumba yao. Mwili ulikuwa wa mninga, mti ambao Lubumbashi huitwa mulombwa kwa jina la Kibemba, na shingo ilikuwa imepigwa msasa mpaka ikateleza kama sabuni. Alipiga akodi ya Mi karibu na vigingi: tamu. Akapanda hadi freti ya 12, akapiga tena: chungu.

"Papa, nilipima kila kitu," aliniambia. Kweli alikuwa amepima. Daraja, yaani kile chuma kinachoshika nyuzi upande wa mwili, lilikaa milimita 648 kamili kutoka mwanzo wa shingo, limenyooka bila dosari. Kosa lilikuwa hapo hapo.

Katanga haijaanza leo kutengeneza vyombo vya nyuzi nyumbani. Karindula ya mitaani kwetu ni bati la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, likatiwa shingo ya mti na nyuzi nne. Gita la kampuni nalo tulilizoea mapema: Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alipopita Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alimrekodi Mwenda Jean-Bosco, na ile "Masanga" yake bado inasomwa na wapiga gita wa mabara mengine. Kwa hiyo masikio tunayo. Linalotukwamisha tunapochonga gita la umeme ni freti, vile vijichuma vinavyokatiza shingo.

Mpiga udi wa Zanzibar hana freti. Kidole kikikosea kidogo, sikio hukisukuma mahali pake kabla msikilizaji hajagutuka. Freti haina huruma hiyo. Ukiipigilia umbali wa milimita moja nje ya mahali pake, umelifunga kosa ndani ya chuma, nalo litarudi kila wimbo.

Tuanze na hesabu. Oktava ina nusu toni 12, na kila nusu toni huupunguza urefu wa uzi kwa uwiano ule ule. Chukua urefu uliobaki, gawanya kwa 17.817, na jibu ndilo umbali wa kufikia freti inayofuata. Kwa uzi wa milimita 648, freti ya kwanza iko milimita 36.4 kutoka kizingiti, kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji ya nyuzi karibu na vigingi. Ya pili iko 70.7, ya tano 162.5, ya saba 215.5, na ya 12 iko 324, nusu kamili. Pima zote kuanzia kizingiti. Anayepima kutoka freti hadi freti hubeba kosa la kila hatua hadi mwisho wa shingo.

Mafundi wa zamani wa Ulaya waligawa kwa 18. Kanuni hiyo iliandikwa mwaka 1581 na Vincenzo Galilei, mpiga kinanda cha nyuzi na baba wa mnajimu Galileo. Ukiifuata kwenye urefu wetu, freti ya 12 itaangukia milimita 2.4 kabla ya nusu. Mtu wa hesabu ataiita kanuni mbovu. Lakini kosa lake linaelekea upande wenye manufaa, na sababu yake ndiyo iliyomshinda kijana wa Katuba.

Rula haijui kwamba utabonyeza. Uzi ukiwa wazi umelala juu ya freti, pengine milimita moja na nusu au mbili juu ya ile ya 12. Kidole kikiushusha, kinauvuta, na uzi uliovutwa hupanda sauti. Nusu ya urefu ilitakiwa kutoa oktava kamili. Inatoa oktava na ziada. Nyuzi nene kwa kawaida hupanda zaidi kuliko nyembamba, kwa kuwa chuma kinene kikivutwa kidogo tu mvuto wake hupanda sana.

Wataalamu wa sauti huigawa nusu toni katika senti 100. Sikio la mwanamuziki huanza kukereka kwenye senti tano hivi. Ukitaka kusikia senti nane, piga La mbili pamoja, moja ya mitetemo 440 kwa sekunde na nyingine ya 442: sauti itapwita mara mbili kila sekunde. Mpwito wa namna hiyo ndio uliokuwa ukiichafua akodi ya juu ya gita lile.

Dawa ni kuurefusha uzi kidogo kuliko rula inavyotaka. Kwa nyuzi za kawaida, kuanzia unene wa milimita 0.25 wa Mi nyembamba hadi 1.17 wa Mi nene, anza na nyongeza ya milimita 2 kwa ile nyembamba na 5 kwa ile nene. Hivyo daraja la gita zuri hukaa mshazari. Kwenye urefu wa 648, kila milimita unayoirudisha nyuma hushusha sauti ya freti ya 12 kwa karibu senti 2.7 ukilinganisha na uzi wazi. Kipimo cha simu kikisema La yako imezidi senti nane pale juu, rudisha nyuma kibebeo cha uzi huo, kile kipande cha daraja kinachoubeba, milimita tatu, upime upya.

Lakini usikimbilie bisibisi. Kazi hii ni ya mwisho, na kila kilicho mbele yake kikikaa vibaya kitaiharibu. Kwanza nyoosha shingo: inahitaji mbonyeo mdogo sana, milimita 0.2 hivi katikati. Pili weka urefu wa nyuzi juu ya freti. Tatu tazama kizingiti, maana mifereji yake ikiwa juu mno, freti za kwanza zitapanda sauti hata daraja likiwa sawa, na utamlaumu asiye na hatia. Nne funga nyuzi mpya, maana uzi uliochakaa na kushika kutu hautetemi sawasawa. Halafu kila uzi uweke katika sauti yake, ulaze kidole juu ya freti ya 12 bila kubonyeza ili utoe ile sauti nyororo ya filimbi, kisha ubonyeze pale pale. Ukibonyeza sauti ikawa juu kuliko filimbi, rudisha kibebeo nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Kila ukisogeza, uzi uweke upya katika sauti yake kabla ya kupima.

Usianze pia kutoboa matundu ya daraja kwa kuamini mchoro. Likalishe kwa muda, funga nyuzi mbili za pembeni, sikiliza, piga alama ya penseli, ndipo utoboe. Fundi wetu alitoboa kwanza.

Kuhusu mti, mulombwa haumsumbui mchongaji: ukishakauka vizuri haujikunji sana. Lakini mji wetu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, kiangazi chake huanza Mei, na kufikia Septemba hewa huwa kavu mpaka ncha za freti huchomoza kando ya shingo na kukwaruza vidole. Mvua zikirudi, mti hunywa unyevu na shingo hubadilika tena. Gita lililosawazishwa Agosti lipimwe upya Desemba.

Na ile mikro inayosikiliza nyuzi? Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, milimita 0.063, mara elfu saba au nane. Ukiufungua unapita kilomita moja, na uzito wake ni gramu thelathini tu. Shaba hutoka Katanga kwa malori, ikaturudia katika kijisanduku kinachoingia mfukoni. Mikro haitengenezi upotovu wa sauti. Hukaribisha sikio: kosa ambalo gita la mbao tupu lingelimeza, amplifaya hulitangaza mtaa mzima.

Tuliziba matundu ya kijana kwa vijiti vya mulombwa na gundi, tukalisogeza daraja, akatoboa upya. Alipolitazama alikunja uso. "Papa, sasa limepinda. Watu watasema sijui kupima."

Nikampa gita, nikamwambia apige ile akodi juu, kwenye freti ya 12. Alipiga mara moja, akasikiliza mpaka ikaisha, akapiga tena. Kisha akachukua rula yake na penseli, akaandika kando ya daraja, kwa herufi ndogo, milimita mbili upande mmoja na tano upande wa pili, kwa ajili ya gita litakalofuata.