Maziwa Yanapunguza Kitambi? Tupige Hesabu

Wafugaji wangu, juzi hapa Majengo mama mmoja muuza maziwa kanilalamikia: wateja wanaogopa kunenepa. Jirani yake naye anayanadi kama dawa ya kitambi. Jamani!

Iko hivi. Kalsiamu ikifika tumboni hushikana na sehemu ya mafuta, inakuwa kama sabuni isiyoyeyuka, inatoka na choo. Lita moja ina kalsiamu miligramu 1,200 hivi. Watafiti walikuta kuongeza kiasi hicho kwa siku kunatoa mafuta takriban gramu 5 tu. Lita hiyohiyo, isipoenguliwa, imebeba gramu 35 hivi!

Mimi nilijaribu lita nzima kila siku, juu ya mtori. Mkanda ukanibana. Sasa ni glasi mbili, zimeenguliwa, badala ya soda. Mama, wateja waambie hivyo, dawa usiwaahidi.