Ndege ya Mfanyakazi Imekwenda Wapi?

Ukipita usiku katika vitongoji vya Marekani, huenda ukaona taa ikiwaka ndani ya banda la motokaa wakati majirani wamekwisha lala. Motokaa iko nje. Ndani mna bawa la ndege lililolazwa juu ya meza, na mtu aliyevaa nguo za kazi akilipiga ribiti moja baada ya nyingine. Si tajiri, pengine ni mwalimu au fundi umeme. Anaunda ndege yake kwa mikono yake kwa sababu ya kiwandani hana uwezo wa kuinunua.

Zamani haikuwa hivyo. Baina ya mwaka 1938 na 1947 kiwanda cha Piper kiliunda karibu ndege 20,000 za aina ya Cub, zenye viti viwili na mabawa ya kitambaa, kwa bei iliyoanzia kiasi cha dola 1,000. Mwaka 1956 kiwanda cha Cessna kilianza kuuza ndege yake ya viti vinne, 172, kwa dola zipatazo 9,000. Kwa thamani ya leo fedha hizo ni kama dola 100,000. Lakini leo 172 mpya huuzwa kwa zaidi ya dola 400,000. Umbo lake halikubadilika sana. Kilichopaa ni bei.

Imekuwaje? Mwaka 1978 viwanda vya Marekani viliunda ndege ndogo zaidi ya 17,000. Mwaka 1994 hazikufika hata 1,000. Mafuta yalikuwa yamepanda, riba za benki zilikuwa nzito, na ndege kuukuu zilikuwa tele sokoni. Juu ya hayo yalikuja mashtaka. Ndege ilipoanguka, kiwanda kiliweza kudaiwa fidia hata kama kiliiunda miaka thelathini nyuma, na gharama za bima ziliingizwa katika bei ya kila ndege mpya. Mwaka 1986 Cessna iliacha kuunda ndege zake za injini za pistoni. Mwaka 1991 Piper ilifilisika. Sheria ya mwaka 1994 iliwapa waundaji kinga kwa ndege zilizopita umri wa miaka 18, na Cessna ikarudi kazini mwaka 1996. Hata hivyo bei haikurudi chini, kwani kitu kiundwacho kwa uchache hakiwezi kuwa rahisi.

Mlango uliobaki wazi ni ule wa jasho. Mwaka 1953 Paul Poberezny aliwakusanya mjini Milwaukee watu waliokuwa wakijiundia ndege, na chama chao hufanya mkutano mkubwa kila mwaka huko Oshkosh. Sheria ya Marekani humruhusu raia kuunda ndege yake maadamu sehemu kubwa ya kazi ameifanya mwenyewe kwa kujielimisha au kwa burudani. Kampuni ya Richard VanGrunsven, iliyoanza mwaka 1973, huuza vipande vya alumini vya kuunganisha. Ndege zake zaidi ya 11,000 zimekwisha ruka. Kazi yenyewe huchukua saa 1,000 na zaidi. Kwa mtu mwenye jioni zake tu, hiyo ni miaka, na mara nyingi familia yote hushiriki: mmoja hushika nyundo, mwingine hushika chuma cha kupokelea ribiti.

Lakini jasho peke yake halitoshi. Lataka na uangalifu. Mwaka 1997 mwimbaji John Denver alianguka baharini huko California akiendesha ndege aliyoinunua ikiwa imekwisha undwa na mtu mwingine. Wachunguzi walikuta kwamba kishikio cha kubadilisha tangi la mafuta hakikuwekwa mahali palipoonyeshwa katika mchoro, bali nyuma ya bega la rubani, asipoweza kukifikia kwa urahisi. Badiliko dogo la karakanani liligharimu maisha.

Sasa hata mlango huo unazidi kuwa mwembamba. Mwezi Desemba 2023 kampuni hiyo ya VanGrunsven ililazimika kuomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake, na wateja waliokwisha agiza vipande wakatakiwa kukubali bei mpya. Kampuni ilinusurika, lakini mwalimu yule wa bandani alilazimika kupiga hesabu upya.

Msomaji ataweza kuuliza: starehe ya Wamarekani yatuhusu nini sisi? Yatuhusu. Mwaka 1957 huduma ya Madaktari Warukao ilipoanzishwa katika Afrika Mashariki, ilitegemea ndege ndogo zinazoweza kutua mahali pasipo na barabara njema. Na daktari Michael Wood, mmoja wa waanzilishi wake, alikuwa akiendesha ndege mwenyewe. Ndege ndogo zinapokuwa za wachache, ujuzi wa kuziendesha na kuzitengeneza nao hubaki kwa wachache.

Ndiyo maana taa ile ya bandani ina maana kubwa kuliko ukubwa wake. Anayepiga ribiti chini yake hajidai kuwa shujaa. Anakataa tu kuambiwa kwamba anga ni mali ya wenye fedha.