Magurudumu Yanayogeuza Setilaiti Ndogo

Tarehe 15 Aprili 2023 setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1 ilirushwa kutoka California, Marekani, ikiwa na kamera ya kutazama ardhi kwa manufaa ya kilimo. Ni chombo kidogo mno. Setilaiti za namna hiyo huundwa kwa visanduku vyenye upande wa sentimita 10, na Taifa-1 ni visanduku vitatu tu vilivyoungwa pamoja. Lakini kamera njema peke yake haitoshi. Chombo kilicho kilomita 500 juu ya ardhi kikikosea shabaha kwa digrii moja, picha husogea kilomita karibu 9. Aliyetaka kuona mashamba ya mpunga huletewa msitu. Basi chombo kinachoelea pasipo na kitu cha kushika hugeukaje?

Mwenye mtumbwi huchoma upondo chini ya maji akasukuma. Angani hakuna chini wala maji. Vijiroketi vya kutupa gesi vyaweza kufanya kazi hiyo, ila gesi huisha, na ndani ya kisanduku nafasi ya tangi ni haba. Kwa sababu hiyo mafundi hufunga ndani ya chombo gurudumu dogo lenye mota ya umeme, na umeme hupatikana kwa jua.

Aliyepata kuwasha mota ya mashine ya kukoboa kabla haijakazwa boliti ameona jambo lenyewe: shafti ikianza kuzunguka upande mmoja, mwili wa mota huruka upande wa pili. Setilaiti ni mota isiyokazwa boliti popote. Tuseme mwili wake ni mgumu kugeuza mara 1,000 kuliko gurudumu. Gurudumu likiongezewa mizunguko 1,000 kwa dakika, mwili hugeuka kinyume mzunguko mmoja kwa dakika. Gurudumu likirudishwa kwenye kasi yake ya awali, mwili husimama, nao sasa unatazama upande mpya. Makatibu wa vyama wataitambua hesabu hii: fedha imehamishwa kutoka akaunti moja hadi nyingine ya chama kile kile, na jumla haikubadilika.

Magurudumu matatu hutosha kugeuza chombo pande zote. Mara nyingi huwekwa la nne, kwa mshazari, ili lishike nafasi ya lolote litakaloharibika.

Ugumu huanzia hapa. Mabaki ya hewa, mwanga wa jua na mvuto wa dunia huusukuma mwili kidogo kidogo, pengine upande ule ule siku zote. Ili mwili utulie, gurudumu halina budi kuupokea msukumo huo na kuongeza kasi, mpaka mota ifike kikomo chake. Hapo gurudumu limejaa kama ghala, halipokei tena. Kuhamishia mzigo kwenye gurudumu jingine hakuuondoi, kama vile deni lisivyolipwa kwa kuandikwa ukurasa mwingine; yapasa litolewe nje ya chombo. Setilaiti zilizo karibu na dunia hufanya hivyo kwa koili za umeme, ambazo huwa sumaku na kusukumana na usumaku wa dunia. Kazi hiyo ni ya polepole, tena usumaku hauwezi kusukuma kila upande kwa wakati mmoja, hivyo chombo hungoja kifike mahali panapofaa katika njia yake.

Yanayoweza kupatikana kwa njia hii si haba. ASTERIA ya Marekani, yenye uzito wa kilo 10 hivi, iliachiwa angani Novemba 2017. Kwa magurudumu yake, pamoja na kisahani kilichosogezwa ndani ya kamera, iliishika nyota kwa dakika 20 bila kutikisika zaidi ya unene wa punje ya mchele mtu akiitazama kutoka kilomita moja.

Hasara ya kukosa magurudumu ilionekana kwa Kepler, darubini kubwa yenye uzito wa karibu tani moja, iliyorushwa mwaka 2009 ikiwa na magurudumu manne. Moja liliharibika Julai 2012, la pili Mei 2013, na kwa mawili yaliyobaki haikuweza tena kukaza macho kama awali. Wahandisi waliielekeza hivi kwamba mwanga wa jua uangukie pande zake mbili kwa usawa, kama mizani, na makosa madogo yakasahihishwa kwa vijiroketi. Kazi ilianza upya mwaka 2014, ikaendelea mpaka Oktoba 2018, mafuta ya vijiroketi yalipokwisha.