Mhusika Akifa Mezani

Mzee wa Kijaluo akifariki, kifo hakiachwi kiondoke kwa raha zake. Wanaume huswaga ng'ombe, hushika mikuki, ngao na rungu, wengine wakajipaka majivu na kujivika majani, kisha hutimka mbio hadi mpakani au porini. Huko hupambana na adui asiyeonekana, wakipiga kelele na kuchoma hewa kwa mikuki, ndipo warudi bomani kwa nyimbo. Desturi hiyo, tero buru, ingali hai katika baadhi ya vijiji vya Homa Bay na Migori, kusini mwa Nyanza nchini Kenya, japo wapo wahubiri wanaoikemea.

Marehemu ameondoka, waliobaki wana kazi ya kufanya. Hapo ndipo michezo ya kuigiza mezani imekuwa ikijikwaa tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons huko Marekani mwaka 1974.

Katika michezo hiyo kila mchezaji humiliki mhusika mmoja, mwenye jina, asili na ujuzi ulioandikwa kwenye karatasi. Mwendesha mchezo hueleza yanayotokea, wachezaji husema watafanya nini, na dadu huamua. Mhusika anaweza kulelewa hivyo kwa miaka, kisha akauawa jioni moja kwa mrusho mbaya.

Waandishi wa michezo wamejaribu dawa nyingi. Katika Traveller ya 1977, mhusika aliweza kufa angali anatengenezwa, kabla kisa chenyewe hakijaanza. Paranoia, iliyotoka 1984, humpa kila mhusika nakala za akiba, akifa moja inaingia nyingine, na kifo kinakuwa kichekesho. Toleo la 2014 la Dungeons & Dragons humpa aliyeishiwa nguvu dadu ya pande 20: 10 au zaidi ni heri, chini ya hapo ni shari. Heri tatu zikitangulia, ametulia; shari tatu, amekufa. Hata hivyo, wenzake wakiwa na almasi ya vipande 300 vya dhahabu na mganga anayejua uchawi huo, wanaweza kumfufua ndani ya dakika moja. Ten Candles ya 2015 imekata mzizi wa fitina: tangu mwanzo wote wanajua kwamba hakuna mhusika atakayenusurika.

Ufufuo ukiwa rahisi, hakuna anayeogopa upanga. Kifo kikiwa cha ghafla, mwenye mhusika hukaa pembeni akitazama wenzake wakiendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nyanza ya kusini ina visa vya kutosha vya kujifunzia. Karibu na Kendu Bay liko ziwa la Simbi Nyaima. Masimulizi yanasema hapo palikuwa na kijiji kilichomfukuza bikizee aliyeomba hifadhi usiku wa sherehe, maji yakakimeza. Karibu wahusika wote wanakufa kwa mpigo, lakini hakuna msikilizaji anayelalamika kwamba ameonewa, kwa sababu kila mmoja aliona kosa likitendeka kabla ya adhabu. Mwendesha mchezo anayetaka kuangamiza kundi zima angefanya vyema kuwaonyesha mlango wa kutokea kwanza.

Tuseme kisa kinachezwa ndani ya kuta za mawe za Thimlich Ohinga, kule Migori, ambazo UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Mlinzi anauawa kwenye lango jembamba, lililojengwa ili adui alazimike kuinama. Badala ya kukimbilia pambano linalofuata, meza inasimama. Mmoja anakuwa mpiga nyatiti, kinubi cha Kijaluo, na kumsifu marehemu kwa aliyoyatenda. Mwingine anadai deni lake. Wengine wanaongoza mbio za kufukuza kifo. Mwenye mhusika anaweza kuigiza ndugu aliyechelewa kufika matangani.

Jina nalo halipotei. Wajaluo humpa mtoto jina la jamaa aliyekufa, hasa marehemu akimtokea mtu ndotoni. Mhusika mpya anaweza kuingia kwa njia hiyo, akiwa na jina la mlinzi na maadui aliowaacha.

Lakini huenda siku hiyo hiyo ya mchezo mchezaji ametoka kuzika mzazi. Kwa hali kama hizo Mmarekani John Stavropoulos alibuni kadi yenye alama ya X: yeyote akiigusa, tukio linarukwa na haulizwi sababu. Kadi yenyewe ni kipande cha karatasi tu, na huwekwa katikati ya meza kabla dadu haijarushwa.