Wazee na Vijana Kazini (Sehemu ya Pili): Tatizo ni Mkataba

Makala ya kwanza iliishia kwenye lawama zinazosikika katika majilisi ya walimu kuanzia Awendo hadi Mbita: vijana hawana subira, wakubwa wao hawataki mabadiliko. Msimamo wangu ni kwamba lawama hizo zimekosa shabaha. Masharti ya ajira huwatenganisha watu hawa kuliko umri wao, na hilo linaonekana wazi katika shule za msingi ambazo tangu 2023 zimebeba Sekondari Msingi.

Chukua shule ya aina hiyo huko Nyatike au Ndhiwa. Mwalimu mkuu anayekaribia kustaafu aliingia kazini na cheti cha P1; leo ana ajira ya kudumu, pensheni, na payslipu ambayo Sacco inaikubali. Anayefundisha Hisabati Gredi ya 8 ana digrii, na huenda alianza kama mwanagenzi kwa Sh20,000 kwa mwezi, zikabaki kama Sh17,000 baada ya makato, na humo humo atoe kodi ya nyumba na nauli ya bodaboda. Fomu za TPAD za kutathmini utendakazi zinapopaswa kujazwa mtandaoni, si ajabu kumkuta kijana huyo ameinamia simu, kwa data aliyonunua mwenyewe, akiwasaidia wakubwa wake. Nao humwonyesha namna ya kumpokea mzazi aliyefika langoni na hasira. Hapo hakuna vita vya rika. Moto huwaka linapoulizwa swali la nani anasimamia fedha za Sekondari Msingi. Hata wanagenzi walipogoma mwaka 2024 hawakudai wazee waondoke. Walidai ajira ya kudumu. Aprili mwaka huo Mahakama ya Ajira iliamua kwamba kuwaajiri walimu waliohitimu kama wanagenzi ni kinyume cha sheria. Wanagenzi wapatao 46,000 waliajiriwa kwa kudumu kuanzia Januari 2025, huku wengine wapya wakiingia kwa uanagenzi ule ule.

Wakubwa hujibu kwamba nao walianza chini, na ni kweli: wengi walifundisha kabla ya kusomea ualimu, kwa mshahara wa kusikitisha. Lakini ngazi ya kupanda waliiona. Hadi miaka ya 1990 aliyetoka chuo cha ualimu alipangiwa shule na serikali, pasipo kusubiri nafasi itangazwe. Kijana wa leo hajui ngazi inayofuata iko wapi. Isitoshe, mwaka 2009 umri wa kustaafu serikalini ulisogezwa kutoka miaka 55 hadi 60, na nafasi zilizokuwa ziachwe wazi zikachelewa miaka mitano. Uamuzi huo haukutoka kwa mwalimu yeyote wa Migori, ila lawama zake huwaangukia walimu wakubwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba vijana wana tabia tofauti kweli: simu mkononi, maneno bila kuzunguka. Sikatai. Ila tazama fuo za Muhuru Bay na Sindo, ambako omena huvuliwa usiku wa giza. Karabai za mafuta ya taa zinaendelea kuachia nafasi taa za sola, na vijana ndio wepesi wa kuzielewa. Mzee hubaki na elimu ya upepo na mwezi. Tofauti ipo, tena kubwa, na bado wanapanda mashua moja, kwa kuwa gharama zikishatolewa kila mmoja anajua fungu lake. Wakigombana, mara nyingi ni kwa sababu hesabu imefichwa.

Mwalimu mkuu hana uwezo wa kumpa mtu ajira ya kudumu. Ana uwezo, hata hivyo, wa kubandika ukutani hesabu ya fedha za Sekondari Msingi kila muhula, na kumwachia mwalimu wa Gredi ya 8 uamuzi kuhusu vifaa vya darasa lake. Hayo hayahitaji waraka kutoka Nairobi. Wiki ijayo tutaingia katika ofisi za kaunti, ambako wafanyakazi waliorithiwa kutoka mabaraza ya miji wameketi pamoja na walioajiriwa baada ya 2013.