Hifadhi ya Majengo ya Kale ya Mji Mkongwe wa Zanzibar: Sheria, Ufundi na Istilahi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inavyoyahifadhi majengo ya kale ya Mji Mkongwe, na kuonyesha kwamba sehemu ya kazi hiyo ni ya kiisimu. Ieleweke tangu mwanzo kuwa mambo ya kale si miongoni mwa mambo ya Muungano. Kwa sababu hiyo Zanzibar ina sheria na vyombo vyake, mbali na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayotumika Tanzania Bara.

2.0 Vyombo na Taratibu

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985. Mwaka 1994 ilitungwa sheria ya kuipa nguvu, na mpango wa hifadhi ukatayarishwa kwa ushirikiano na Aga Khan Trust for Culture. Mwaka 2000 mji huu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na sheria mpya ikafuata mwaka 2010. Kazi za Mamlaka zaweza kugawanywa katika mafungu matatu: kuyaorodhesha majengo na kuyapanga kwa madaraja, kutoa au kukataa vibali vya ujenzi, na kuikagua kazi inapoendelea.

3.0 Misingi ya Kiufundi

Kuta za nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Ndiyo sababu vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Chokaa huruhusu unyevu utoke ukutani. Saruji, kinyume chake, huufungia ndani: chumvi hujikusanya, lipu hubanduka, na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza. Hivyo, fundi anayeziba ufa kwa saruji aweza kuharakisha maangamizi anayodhani anayazuia.

4.0 Tatizo la Istilahi

Katika matumizi ya kawaida, neno *ukarabati* limebebeshwa dhana nne zilizo mbalimbali: kulitunza jengo lisiharibike, kutengeneza kilichoharibika, kulirudishia jengo sura yake ya awali, na kujenga upya kilichoanguka. Kwa mhifadhi, kila moja ina masharti yake. Iwapo kibali kitasema *ukarabati* pasipo ufafanuzi, mwenye nyumba ataweza kubomoa ukuta na kuusimamisha mwingine wa matofali ya saruji, naye akadai kuwa hakukiuka lolote.

Mafundi, kwa upande wao, wana msamiati ulio bayana. *Niru* ni chokaa laini ya kumalizia ukuta. *Mfaa* ni mti wa katikati ya mlango wa mbao mbili. *Daka* ni kishubaka kilichochongwa ukutani. Maneno haya hutaja kwa neno moja kile ambacho lugha ya ofisi hukieleza kwa sentensi nzima. Fundi akifariki bila kumrithisha mwanafunzi, hupotea ujuzi pamoja na jina lake.

5.0 Hitimisho

Uzito wa suala hili ulidhihirika katika Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash. Sehemu yake iliporomoka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya matengenezo ikiwa inaendelea, sehemu kubwa zaidi pamoja na mnara wa saa ilianguka, na watu wakapoteza maisha. Tangu hapo swali si la kukarabati tu, bali ni kipi kirudishiwe, kipi kijengwe upya, na kwa vifaa gani.

Sheria pekee haitoshi kulijibu. Inapendekezwa kwamba wanaisimu washirikiane na Mamlaka katika kukusanya msamiati wa mafundi waashi na maseremala, na kusanifisha istilahi za vibali. Sheria huweza kulinda tu kile ilichoweza kukitaja bayana.