Haraka ya Darasani (2): Mwalimu Naye Angoje

Wiki iliyopita tuliwazungumzia watoto wanaojibu kabla swali halijaisha. Leo niwageukie walimu, maana haraka hiyo mara nyingi wao ndio walioifundisha.

Pita karibu na dirisha la darasa la tatu, Mapinga au Bagamoyo mjini, umsikie mwalimu akikata neno katikati: “Moyo husukuma da…?” Darasa zima: “Muuu!” Hapo hakuna aliyefikiri. Akiuliza swali lenyewe, vidole vinaalika, “Mwalimu, mimi! Mimi, mwalimu!” na anayepayuka wa kwanza ndiye anayesikilizwa. Mpole mwenye jibu linaloiva polepole anajifunza kunyamaza.

Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyechunguza vipindi vya sayansi katika shule za msingi, alieleza miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu. Walipozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi wakajitokeza wenyewe. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba alitaka pia wangoje baada ya jibu. Asiposifiwa wala kusahihishwa papo hapo, mtoto huongeza sababu.

Kwetu Pwani mtega kitendawili ana subira hiyo tangu zamani. Watu hukosea, hujaribu tena, naye hafumbui mpaka apewe mji. Kushindwa kuna gharama. Darasani jibu hutolewa bure, tena upesi.

Lakini swali nalo liwe la kufikirisha. Kwa mfano, Kaole, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, kuna magofu ya msikiti wa kale. Palikuwa na bandari. Leo mikoko na tope vimejaa kati ya magofu na maji. Waulize watoto: vyombo vilitia nanga wapi, na bahari ilikwenda wapi? Kila mmoja aandike neno au mawili daftarini, amnong’oneze jirani, ndipo mwalimu ataje jina. Akimtaja Asha, tuseme, kabla ya swali, ni Asha peke yake atakayefikiri. Wengine wote wamepumzika.

Walimu hulalamika kwamba kipindi ni dakika 40 na mada haziishi. Maswali kumi, kila moja likingojewa sekunde tatu, hula nusu dakika. Kurudia somo ambalo darasa zima liliitikia “tumeelewaaa” hula kipindi kizima.